Ngome ya Mawese

Masika ya mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi, bado sijapelekwa shule. Hadi leo harufu ya mawese yanayochemka hunirudisha Ujiji, kwenye ukuta wa bibi yangu, ambapo mwongoza watalii mmoja, mwenye suruali iliyonyooshwa kuliko akili yake, aliwaonyesha wageni madoa mekundu.

“Hii ni ngome ya kale. Hiyo ni damu ya watumwa.”

“Damu?” bibi alicheka. “Ni mawese ya madebe yangu, baba. Lamba!”

Hakulamba. Akaomba nyumba itwaliwe iwe ya makumbusho, bibi ahamishwe. Wajumbe wa baraza la kata walikuja, wakanusa ukuta. Jumanne, tarehe 17 Juni, walitamka rasmi kwamba ngome ile ni uzio wa jiko, na bibi akabaki kwake.