Kidonge cha Asubuhi ya Kisu

Hebu mwone Kemilembe akishuka kwenye lori la kahawa pale Bukoba, mwaka ule watu wa kwao Kimwani walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Anashuka kinyumenyume, maana mguu wa kulia umefungwa matambara na hautaki kukanyagwa. Wifi yake Georgina yuko chini, amenyoosha mikono.

“Shuka, waitu, ndugu yangu. Dereva anataka kwenda, hajaja kukuposa.”

“Angeniposa angenibeba,” akajibu Kemilembe, wala hakucheka. Alikuwa amechoka. Jembe la shamba la pamoja lilimchubua kidole cha mguu huo, na ugonjwa wa sukari ukakataza kidonda kupona.

Hospitalini daktari alitazama, akasema kidole kikatwe kesho yake. Kikiachwa, mguu utafuata. Jioni nesi akaleta maagizo: asile kitu usiku, na asubuhi asimeze kidonge chake cha sukari.

“Ndiyo, mama,” Kemilembe akaitikia. Lakini moyo wake haukukubali. Tangu alipopewa vidonge vile zahanati, aliambiwa asiache hata siku moja. Hakuacha siku ya kuhama, paa likishushwa naye kabeba mkungu kichwani. Hakuacha siku ya kumzika mumewe. Leo, siku ya kisu, ndiyo aache? Kuhusu chakula alitii. Hata kahawa ya kutafuna aliyopewa na jirani wa kitandani aliirudisha. Lakini alfajiri alifungua fundo la kanga, akatoa kidonge, akakimeza kwa mate.

Muda si mrefu jasho likamtoka, mikono ikatetemeka.

“Unaogopa kisu, wewe uliyezaa saba?” Georgina akamtania.

“Nyamaza, wifi. Nimemeza.”

“Umemeza nini?”

“Kidonge. Usiwaambie. Watanirudisha nyumbani, na ile barabara siiwezi tena.”

Ulimi wake ukaanza kulegea kama wa mtu aliyekunywa rubisi. Georgina akamtazama, akatoka mbio. “Nesi! Mama, njoo! Amemeza kidonge na hajala!”

Kidonge bila chakula kilikuwa kimeishusha sukari mno; wakamtundikia maji ya sukari. Daktari alisimama pale mpaka mgonjwa akapumua vizuri, kisha akasema, “Leo hatumkati. Akitulia tutampangia siku nyingine. Ila kidole hicho hakina subira.”

Mchana Kemilembe akafumbua macho. Hakuangalia chini ya blanketi. Hakuwa na nguvu hizo.

“Wifi,” akanong'ona, “wamekwisha kukata? Nilale sasa?”

Georgina akamshika mkono, akaufunika vizuri mguu kwa blanketi. Nawe unayenisikiliza, mtu aliyechoka hivyo ungemjibuje?