Nilienda Arua kuona maonyesho ya Mzee Rajab, nikakuta mbuzi wangu ukutani

Heshima kwenu wakuu. Hii sijaitia chumvi hata punje, imenitokea mwenyewe na uso bado unanichoma.

Mimi nachora vibao vya maduka huku Koboko, Uganda, karibu na mpaka. Mchoraji ninayemkubali kuliko wote ni Mzee Rajab wa Awindiri, Arua. Rangi nilijifunza kwa kukodolea macho vibao vyake, lakini hatukuwahi hata kusalimiana.

Miaka kadhaa iliyopita, Hajati mmoja mwenye bucha hapa kwetu alitaka kibao cha Mzee, si cha mtu mwingine. Mzee alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa na njaa.

Nikamwambia Hajati kazi za Mzee zinapitia kwangu. Nikachora mbuzi anacheka, chini nikaweka sahihi ya Mzee.

Najua, najua. Matusi wekeni akiba kwanza.

Juzi nikasikia Mzee amefanyiwa exhibition Arua, vibao vyake vyote vimekusanywa ukumbi mmoja. Nikapiga pasi shati, nikaenda.

Kuingia tu, ukuta wa katikati, nani ananichekea? Mbuzi wangu. Ametiwa fremu, ana taa yake peke yake.

Dada anayetembeza wageni akatueleza kwamba yale meno ya juu ni uchungu wa watu wa mpakani. Watu wakatikisa vichwa. Mwalimu mmoja akaandika kwenye daftari.

Uchungu gani jamani. Mimi ni mtoto wa mjini, sikujua mbuzi hana meno ya mbele juu.

Nikageuka nitoroke. Mzee mwenyewe huyu hapa nyuma yangu, na fimbo yake, anaitazama ile sahihi.

Wakuu, kukamatwa sikuogopa sana. Kilichoniuma ni kwamba mfugaji yeyote akipita pale atamcheka mzee wa watu kwa ujinga wangu.

Nikamsogelea. "Salaam aleikum, Mzee. Ile mbuzi iko yangu. Ni mimi naandika jina yako. Nisamehe."

Akajibu salamu, akamnyooshea mbuzi fimbo.

"Mimi nachunga mbuzi tangu mutoto," akasema. "Mbuzi ya meno juu sijaona. Lakini ile rangi ya ulimi, nani alifundisha wewe?"

"Ni wewe, Mzee. Kwa vibao yako."

Akamwita yule dada. "Toa jina yangu hapo, andika ya huyu mutu. Mimi nazeeka. Sitaki kuingia kaburi na hiyo mbuzi."

Dada akabadilisha karatasi ya jina chini ya fremu palepale. Maelezo ya uchungu wa mpakani akayaacha vilevile.

Nilichojifunza: kazi yako itie jina lako, hata ikiwa mbovu. Na kabla ya kuchora mnyama, mfungue mdomo umtazame.

Kama nawe umewahi kujificha nyuma ya jina la mtu, ungama hapa chini, tucheke pamoja. Mimi kesho naenda kwa Hajati. Yeye bado hajui, na visu vyote viko kwake.