Breki ya Pili

Gari letu lina breki mbili. Moja ya dereva, kama magari yote, na nyingine upande wa abiria, chini ya miguu ya mume wangu. Ni gari la shule ya udereva, lina kibao chenye herufi L juu ya paa, na ndilo hilo hilo tunaloendea sokoni na misibani. Majirani hucheka. Nami hucheka nao, maana mwanamke anayefika msibani na L kichwani, akianza kununa atanuna mpaka lini?

Mume wangu amefundisha watu kuendesha kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi wanamwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno lake la asubuhi na la jioni. Taratibu kona, taratibu klachi. Hata nyumbani, mtu akipakua chakula mbiombio anamtazama kama aliyepita kwenye taa nyekundu. Hapayuki, hana makuu, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kugonga mtu akiwa naye garini. Watu husema ana bahati. Mimi nimekaa kiti cha nyuma mara nyingi, najua si bahati.

Ni mguu. Mwalimu asiyejua kazi akiona mwanafunzi amechelewa hukanyaga breki ya pili kwa kishindo, na mwanafunzi akishajua kwamba amenyang'anywa gari hutetemeka wiki nzima. Mume wangu husubiri mpaka mwanafunzi naye aanze kukanyaga, ndipo anaongezea pale palipopungua, kidogo tu, huku macho yake yakiwa mbele kama anahesabu nguzo za umeme. Gari linasimama. Mwanafunzi anashusha pumzi, anajiona bingwa, na kesho yake anaendesha vizuri kweli kwa sababu ameamini anaweza. Mume wangu hajawahi kumwambia hata mmoja wao. Ni kazi ambayo ukiifanya sawasawa hakuna anayejua kwamba umeifanya.

Binti yetu wa pekee naye alifundishwa humo humo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwoga wa kupindukia, akipigiwa honi analia. Siku moja tunarudi kutoka kununua unga, yeye kwenye usukani na baba yake kando, mtoto wa miaka minne hivi akachomoka mkononi mwa mama yake na kukimbilia ndala yake iliyobaki katikati ya barabara. Gari lilisimama hatua moja kutoka kwake. Binti yangu akashuka, akaiokota ndala, akamvisha yule mtoto, akarudi garini mtu mwingine kabisa.

Tangu hapo hiyo ndiyo nguzo yake. Alipomkatalia mchumba aliyekuwa akimburuta kama mkokoteni, alisema, mimi ndiye niliyefunga breki siku ile, nitashindwaje na huyu? Alipoacha kazi ya kudumu ili atengeneze michezo ya video, alisema hivyo hivyo. Amesimulia kisa hicho mpaka kwenye harusi za watu. Nami siku ile nilikuwa kiti cha nyuma, mfuko wa unga mapajani, na niliuona mguu wa baba yake. Siku hiyo haukusubiri, ulitangulia. Nilinyamaza, naye akanyamaza, tukafunika kombe kwa miaka kumi na moja. Nilichokuwa nakiogopa ni siku ambayo kombe hilo lingefunuliwa, kwa sababu sikujua mwanangu angesimama juu ya nini.

Mwaka huu akaamua kukiweka kisa hicho ndani ya mchezo. Anautengeneza yeye na mwenzake wa programu, kijana mpole tunayemwita Miwani. Unahusu msichana anayesambaza vifurushi kwa gari, baba yake kando. Anayecheza hushika pedi, ile ya kubonyeza kwa vidole gumba, na anaendesha mji mzima apendavyo. Ikifika sehemu ya mtoto na ndala, binti yangu aliweka filamu: pedi inazimika mikononi mwa mchezaji, kamera inashuka hadi kwenye tairi, muziki unapanda, gari linasimama lenyewe, msichana anatokwa na machozi. Mimi nililia. Waliokuja kujaribu mchezo hawakulia, walikasirika. Walisema wameendesha saa mbili nzima, halafu panapofika patamu wanageuzwa watazamaji.

Miwani alitaka filamu iondoke, mchezaji aachiwe breki, na akimgonga mtoto basi amemgonga, abebe mzigo wake. Binti yangu akasema hakuna mtu atakayemuua mtoto yule ndani ya mchezo wake. Wiki tatu walibishana mpaka wakawa wanasalimiana kwa shida. Na Ijumaa walikuwa wanakuja watu wa kampuni ya usambazaji kuamua kama mchezo unaendelea au unafia hapo. Jumamosi iliyotangulia binti yangu akanipigia simu, akaomba nimlete baba yake ajaribu, kwa kuwa yeye alikuwepo siku ile. Nikamwambia tutakuja.

Wanafanyia kazi chumba kimoja juu ya duka la simu. Meza mbili, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, feni inayogeukia upande mmoja tu. Mume wangu alikaa wima kwenye kiti, akashika pedi kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi wa moto. Alianza kwa kuparamia pipa la taka. Baada ya nusu saa alikuwa anakata kona vizuri kabisa, na mguu wake ulikuwa unakanyaga zulia kila gari linapotakiwa kupunguza mwendo. Miwani alitaka kucheka, akajizuia.

Kisha mtoto akatokea. Pedi ikazimika, filamu ikaanza. Mume wangu akaendelea kuibonyeza pedi iliyokufa, mara tatu, mara nne, na shingo ikamkakamaa. Filamu ilipokwisha aliiweka pedi mezani bila sauti yoyote. Huyo ndiye yeye akiwa amekasirika.

"Nilikuwa nimeshamwona mtoto," akasema. "Kabla ya hiyo filamu yenu."

Binti yangu akaanza kujieleza. Kwamba mchezaji akiachwa peke yake anaweza kuchelewa, na akichelewa mtoto anakufa, na mtoto akifa hadithi yote imekufa, kwa sababu msichana lazima atoke mtaa ule akijiamini. Kumwachia kila kitu hawezi, kumnyang'anya wachezaji hawataki. Akamuuliza baba yake, karibu na kulia, afanye nini.

Nikamwona mume wangu anautazama mguu wake. Nikajua. Nikainuka upesi, nikasema twende, nimeacha maharage jikoni. Sikuwa nimeacha kitu jikoni.

"Ipo njia," akasema mume wangu, bila kunitazama.

Akawaeleza. Mchezaji aachiwe pedi mpaka mwisho, abonyeze breki mwenyewe. Akichelewa kidogo, gari limwongezee pale pale anapobonyeza, kiasi kile kile kilichopungua, asihisi. Miwani akauliza, na asiyebonyeza kabisa? Mume wangu akasema kwa huyo hata mwalimu hukanyaga kwa kishindo, kwa hiyo huyo na aonyeshwe filamu. Alieleza kwa utulivu, lakini uso ulikuwa umemchangamka. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Miaka ishirini na sita kafanya kazi isiyoonekana, na siku anapopata wa kumwonyesha, anamchagua huyu.

Miwani alikuwa ameshageukia kompyuta. Binti yangu akavuta kiti akakaa ubavuni pake, wakaanza kunong'onezana kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, yeye akitaja namba na mwenzake akiandika. Hakuuliza baba yake ameyatoa wapi hayo. Alikuwa amefurahi mno, kama mtu aliyetuliwa gunia, na mtu wa namna hiyo hageuki kuuliza gunia lilitoka wapi. Nilikaa pembeni, roho juu, nikiomba waseme haiwezekani. Baada ya saa moja na nusu ikawezekana.

Wakamwita dada wa duka la simu, aje ajaribu. Akacheza akitafuna bazoka, miguu ameikunja, hana habari. Mtoto alipotokea aliacha kutafuna. Alibonyeza, na Miwani nyuma yake akatuonyesha kwa vidole viwili jinsi alivyochelewa, karibu urefu wa gari zima. Gari likalia, likayumba, likasimama hatua moja kutoka kwa mtoto.

Yule dada akaiweka pedi chini. Akasema ameifunga, ameifunga yeye mwenyewe. Kisha akaanza kutusimulia kitu tulichokiona wote, akiongeza chumvi: jinsi alivyomwona mtoto tangu mbali, jinsi moyo wake ulivyomwambia kanyaga, jinsi alivyojua tu kwamba atawahi. Miwani alikuwa anacheka kwa furaha. Binti yangu naye alikuwa anacheka. Halafu kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, maana yale maneno yalikuwa yake, neno kwa neno, yale anayoyasema kwenye harusi.

Alisubiri mpaka yule dada akashuka ngazi. Kisha akageuka.

"Baba. Siku ile, mguu ulikuwa wa nani?"

Nilifungua mdomo kusema wako, mwanangu, wako. Baba yake akaniwahi.

"Ulitangulia wangu," akasema. "Wako ulifika nyuma yake kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hiyo ni kazi ya mume wangu, na kwenye kazi yake hajui kupunguza. "Ungemgonga," akasema.

Miwani akainama chini ya meza kutafuta waya usiopotea. Binti yangu akanitazama mimi, akauliza kama nilijua. Nikaitikia kwa kichwa. Hakulia. Ningependa angelia. Uso wake ulitulia tu, ukawa uso wa mtu anayepanga upya vitu vya nyumba nzima kichwani, anaulizia kila kimoja kama ni chake. Kisha akanyoosha mkono akaomba funguo za gari. Miwani akauliza aifute ile breki au aiache. Akamwambia aiache, atamjibu Jumatatu.

Kwenye ngazi nilimnong'oneza mume wangu kwamba angeweza kusema uongo mmoja tu, mdogo. Akasema kwa mguu amemdanganya miaka kumi na moja, kwa mdomo hawezi.

Alikuwa ameshika mlango wa mbele, upande wake wa siku zote, binti yangu aliposema, "Hapana. Wewe kaa nyuma." Mume wangu hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lile. Aliingia kama anayeingia nyumba ya watu, magoti yakamgonga kifuani, nami nikaingia kando yake. Kiti cha mbele kilibaki kitupu na breki yake.

Leseni binti yangu anayo, gari hana, na kila alipoendesha hili baba yake alipata sababu ya kwenda naye. Aliliondoa kwa kurukaruka. Akaingia barabara kuu, akapanda gia, akashuka ule mteremko wa kuelekea makutano kwa kasi ambayo mimi nisingeitaka. Mume wangu alikuwa ameshika goti langu, na alikuwa ananiumiza.

Nyuma ya lori lililoegeshwa pakatokea mkokoteni wa mitungi ya maji. Mume wangu aliuona kabla yetu sote. Nilihisi mguu wake unapiga sakafu, mara moja, kwa nguvu zote, na chini yake hapakuwa na kitu. Nilifumba macho. Ule muda hautaki kusimuliwa. Niliupitisha nikiwa nimemkasirikia kila mtu niliyempenda.

Kisha paji la uso likanigonga kiti cha mbele, tairi zikapiga kelele, gari likashtuka na kuzimika. Mwenye mkokoteni alikuwa amesimama mbele yetu, mikono juu, mitungi yake mizima. Akajaza kifua atutukane, akakisoma kile kibao cha L juu ya paa, akasamehe, akasukuma mkokoteni wake.

Ilikuwa breki mbaya. Mwanafunzi wa wiki ya pili asingefunga vile.

Binti yangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Akainua macho kwenye kioo, akamtafuta baba yake.

"Na hiyo?" akauliza. "Ya nani?"

Mume wangu alijifuta uso kwa kiganja, na kiganja kikatoka kimelowa.

"Yako, mama," akasema. "Klachi umeisahau. Lakini ni yako yote."

Binti yangu aliendelea kumtazama kwenye kioo, muda mrefu kuliko inavyofaa katikati ya barabara. Nyuma yetu honi zilikuwa zimeshaanza. Akakanyaga klachi, akawasha gari.