Sokwe wa Gesti na Mikono Yangu

Homa ilinichukua masikio nikiwa mdogo, nimeshajua kusoma. Nikapelekwa shule ya viziwi mbali, na niliporudi Tunduma, mpakani na Zambia, nikiwa msichana mkubwa, mikono yangu ilijaa maneno ambayo nyumbani hakuna aliyeyajua. Mama alinionyesha vitu kwa kidole: jiko, ndoo, mlango. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mwaka juzi mwenye gesti iliyo karibu na maegesho ya malori alinunua sokwe mchanga kwa madereva waliotoka Kongo, akamfungia kwenye kizimba nyuma ya jiko. Alikuwa ameona kwenye simu sokwe wa Wazungu wakiongea kwa alama za mikono. Akaja kwetu, akazungumza na mama, kisha akaniandikia kwenye kipande cha boksi: "Mfundishe kuongea." Mama alifurahi kuliko siku niliyomaliza shule.

Nilimfundisha alama ya ndizi na ya maji. Alishika haraka. Ila alizifanya zote mbili ovyo, akajikuna, akazirudia, macho yakiwa kwenye mfuko wangu. Siku niliyokwenda mikono mitupu hakufanya alama yoyote. Alinigeuzia mgongo, akaendelea kung'oa manyoya ya mkono wake. Nikamwandikia mwenye gesti kwamba huyu haongei, anaomba chakula tu, na upweke unamuua. Akacheka, akaandika chini yake: "Wateja hawajui tofauti."

Kweli hawakujua. Jioni walijaa pale, Wazambia kwa Watanzania, simu juu. Wengine walitaka niwaonyeshe alama ya bia. Miaka yote niliyokutana nao sokoni nikinunua nyanya, hakuna aliyewahi kutaka kujua alama ya salamu.

Jumapili moja mama alipita baada ya ibada. Alimtazama sokwe, akacheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake jikoni alinigusa bega, akanifanyia alama ya ndizi. Ilikuwa alama ya kwanza mama kunipa maishani, na aliifanya kama sokwe alivyoifanya, vidole vimekunjika vibaya. Nilimpa ndizi. Sikumrekebisha.

Baridi ya Juni ilimwingia sokwe kifuani, akafa. Mwenye gesti akaniandikia kuuliza kama nitaweza kumfundisha mwingine, anamtafuta. Nilimjibu kwa mikono, maneno marefu na makali. Alisimama akinitazama, akitabasamu, akingoja nimalize.