Siku Mfadhili Alipokuja Kambini

Harufu ya dawa ya nondo hunirudisha moja kwa moja kwenye vitambaa vya kufuma vya majirani zetu. Vilikaa masandukuni mwaka mzima vikingoja harusi, msiba au padri, na siku vilipotandikwa kwetu nyumba ilinuka mpaka kuku wakakataa kuingia. Siku hiyo hatukuwa na harusi wala msiba. Tulikuwa tunamsubiri mfadhili.

Tuliishi kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa, nje kidogo ya mji wa Karatu. Mama alikuja kutoka Singida kuchuma kahawa msimu mmoja tu, na mpaka baba anafariki msimu huo ulikuwa haujaisha. Dada yangu Neema alikuwa amemaliza kidato cha nne, akafaulu, akapata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ndiyo hatukuwa nayo. Akaomba ufadhili kwenye shirika moja lililochangiwa na watalii, akajibiwa kwamba mfadhili mwenyewe, akiwa njiani kwenda Ngorongoro, angepita kuiona familia.

Kambini kwetu mgeni wa mmoja alikuwa mgeni wa wote. Nyapara alitoa makochi yake, vijana wakayabeba kichwani. Mama Tluway, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaleta chupa ya chai yenye maua na vikombe ambavyo wanawe hawakuruhusiwa kuvigusa. Mwingine alileta zulia, mwingine redio isiyo na betri, ilimradi ionekane. Mimi nilisuguliwa miguu kwa jiwe mpaka nikalia. Mama akamchinja jogoo wetu wa pekee huku akisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji hakupona. Mfadhili, mama wa Kizungu mpole mwenye kofia pana, aliingia, akatazama makochi, akatazama zulia, kisha akamtazama kijana mratibu aliyekuja naye.

"Makochi haya ni yenu?" mratibu aliuliza.

"Leo ni yenu, baba. Kaeni," Mama alijibu.

Walimla jogoo. Baadaye mratibu alimwita Mama pembeni, karibu na gari, mimi na Neema tukafuata.

"Mama yangu, mmeharibu. Nafasi hii ni ya wenye shida."

Mama akamweleza kwamba vitu ni vya majirani, kwamba kwetu mgeni hakalishwi juu ya ndoo. Mratibu akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka kweli kutusaidia.

"Basi virudisheni. Keshokutwa tukitoka kreta, kule Ngorongoro, nitampitisha tena. Binti avae nguo iliyochanika, avue viatu, na huyu mdogo msimwogeshe. Picha moja tu, tumemaliza."

Kusema kweli, niliposikia sitaogeshwa, niliona huyo ndiye mwenye akili kuliko watu wote waliowahi kufika kambini.

"Mama, kubali," Neema alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni picha tu."

Mama alikaza khanga kiunoni, nasi tulijua maana yake.

"Shida ninayo, baba, wala sijaificha. Alama za mwanangu unazo, na mikono yangu hii umeishika. Kama hivyo havitoshi, basi. Umaskini wangu sio kreta, watu walipie kuja kuutazama."

Gari likaondoka. Nafasi ilikwenda kwa binti mwingine, wa kijiji jirani. Neema hakusema na Mama kwa siku nyingi, na mimi nilikuwa upande wake. Niliamini Mama amemnyima dada yangu maisha kwa ajili ya makochi ambayo hata hayakuwa yetu.

Neema akaenda Engaresero kufua mashuka kwenye kambi ya watalii. Jioni alipanda kilima kutafuta mtandao, akiomba ufadhili huku na kule kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Palipotakiwa picha ya nyumbani, aliacha wazi. Sijui kilikuwa kiburi cha kurithi au hasira. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Alikataliwa mpaka tukazoea. Hatimaye wakatokea waliomwita Arusha kwenye usaili, wakamuuliza angefanya nini mjamzito akiletwa anavuja damu na gari hakuna. Kambini kwetu hilo halikuwa swali la kubuni. Alilijibu mpaka wakaacha kuandika, wakabaki kumsikiliza. Mwaka huo alianza chuo.

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoingia kwenye hoteli moja Karatu kwa mkutano, nikaiona picha kubwa ukutani mapokezi: binti peku, gauni limechanika begani, kamasi puani. Nilimtambua. Ni yule wa kijiji jirani aliyepata nafasi ya Neema, sasa mwalimu na mama wa watoto wawili. Baadaye nilipokutana naye aliniambia mwenyewe kwamba amewaomba waitoe, akajibiwa kwamba wageni wanaipenda. Simlaumu hata chembe. Nawalaumu waliomvua viatu. Ada yake ililipwa ikaisha, lakini ile picha bado inaendelea kulipwa, na anayeilipa ni yeye. Ndipo nilipoelewa Mama alikuwa akigombea nini pale kwenye gari, nikatamani angekuwa hai nimwombe radhi kwa hasira zangu za kitoto.

Dada yangu hatundikwi kwenye ukuta wa mtu. Ni muuguzi wa zahanati ya Nainokanoka, juu kwenye ukungu. Anayetaka kumtazama apande huko, afike mapema, akae foleni kama wengine.