Kamba Niliyoiacha Goweko

Ningekataa siku ile kwenye ofisi ya kijiji, nisingekuwa na haya ya kuandika. Barua ilitoka Slovenia, nchi ndogo ya Ulaya ambayo mpaka hapo sikuwa nimeisikia. Ilimwalika mtu mmoja wa kikundi chetu cha warina asali kwenda siku tano kwenye mji wao mkuu, akaeleze jinsi tunavyorina mizinga ya juu ya miti. Nauli na malazi vilikuwa juu yao. Niliisoma mimi, kwa kuwa nilikuwa katibu na nilimaliza kidato cha nne. Ilisema wazi kwamba wanamtaka mpandaji.

Mpandaji wetu alikuwa mdogo wangu. Mimi kazi yangu ilikuwa chini, kwenye kamba.

"Mpandaji tunaye," mwenyekiti alisema, "ila kule atasema nao kwa lugha gani? Katibu, wewe Kiingereza unacho. Unaonaje uende wewe?"

Mama mmoja wa kikundi akacheka. "Huyu? Mti anaujua kwa kuutazama! Wazungu wakimwambia apande, si atawaomba ngazi?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Ningeweza kusema nitamfundisha mdogo wangu maneno hamsini ya kutosha, au tuwaandikie wamtafutie mkalimani. Nilikuwa na miaka sitini na sita na sikuwahi kupanda ndege. Nikasema, "Kama kikundi kimeniona nafaa, mimi ni nani nikatae?"

Jioni nilimfuata mdogo wangu nyumbani kwake, akiwa anasuka kienge cha majani makavu cha kufukizia nyuki. Nilimweleza. Aliendelea kusuka.

"Nenda, kaka," alisema. "Mimi kule ningeongea na nani? Labda na nyuki wao."

Sasa nieleze habari ya kamba. Baba yetu alitufundisha kurina msituni, karibu na njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu yake alipita na pembe za ndovu begani kwenda pwani. Sheria ya baba ilikuwa moja. Anayepanda hujifunga kamba kiunoni, kamba hupitishwa juu ya tawi, na wa chini huishika, akiilegeza na kuikaza. Kila mpandaji anapotaka kuhamisha mguu huuliza, "Upo?" Wa chini hujibu, "Nipo." Asipojibiwa, mguu hauhami. Na aliyeshika kamba kwenye mti wa kwanza wa msimu huishika hadi mti wa mwisho. Mkono mgeni haujui uzito wa mwili wa mwenzako, baba alisema, na msimu mmoja hautoshi kuujifunza. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kubadilisha mshika kamba katikati ya msimu.

Msimu ule tulikuwa tumeshaanza. Miti miwili ilikuwa imerinwa na mitatu imebaki, yote mitatu ikiwa na mizinga yangu mimi, si yake. Ulikuwa mwezi wa sita, nyasi zimekauka, na watu wa upande wa pili wa msitu walikuwa wameanza kuchoma moto mashamba.

"Moto ukisogea usiningoje," nilimwambia asubuhi ya kuondoka, kwenye stesheni ya Goweko. "Tafuta mtu akushikie, uirine ile mitatu. Isije ikaungua."

"Nitaona," alijibu.

Nilimjua. Nilijua kwamba hatatafuta mtu. Nilipanda treni.

Mji ule unaitwa Ljubljana. Ni mdogo, unaweza kuumaliza kwa miguu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Umekaa kwenye vilima, na kilima kimoja kiko katikati kabisa, ngome kubwa imekikalia kichwani. Chini unapita mto wa kijani, wenye madaraja mengi, na moja lina majoka ya shaba yenye mabawa. Watu ni wasafi na wana haraka ya kimya. Siku mbili nilipita katikati yao na hakuna aliyeniamkia, mkubwa wala mdogo. Mtoto wa shule alinitazama nikadhani atasema shikamoo, na mdomo wangu ukawa tayari kwa marahaba. Akapita.

Laini yangu ya simu haikushika kule. Nilijiambia siku tano si nyingi.

Siku ya tatu walinipeleka kwa mzee mmoja mfuga nyuki, nje kidogo ya mji. Mizinga yake ilikuwa imepangwa kwenye kibanda kama makabati, anaifungua kwa nyuma akiwa amevaa ndara. Aliona picha niliyokuja nayo, ya mdogo wangu akiwa juu ya mti mrefu wa mtundu. Picha ilipigwa kutoka mbali na uso hauonekani.

"Huyu ni wewe?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole.

Wenyeji wangu walikuwa wamesimama pale, wote wakinitazama kwa heshima. Nikasema ni mimi.

Mzee alitikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza siku zote tano. "Na kamba, anakushikia nani?"

"Mdogo wangu," nikasema.

Kesho yake nilikuwa huru. Niliona duka linalouza vibao vya mbao vilivyochorwa. Zamani walivitumia kama milango ya mizinga, kila mmoja na picha yake. Kimoja kilinichekesha: mwindaji amekufa, na wanyama wa porini wamembeba mabegani kumpeleka kaburini, dubu mbele, sungura nyuma, kama wapagazi wa misafara yetu. Nikakinunua kwa ajili ya mdogo wangu. Niliona namna atakavyocheka.

Kisha nilipanda kilima cha ngome peke yangu. Njia ni ya mawe, inapinda ndani ya miti, na magoti yangu yalilalamika. Nilipofika juu nilishika ukuta nikatazama mapaa mekundu, mto, na milima ya mbali yenye theluji ijapokuwa ni kiangazi. Saa yangu ya mkononi ilikuwa bado na saa za nyumbani: kumi na mbili na robo jioni. Nikawaza, sasa nyuki wanatulia. Hiyo ndiyo saa tunayorina, jua likiwa limeegemea. Sikupata hisia yoyote mbaya. Wengine husema moyo huwaambia. Moyo wangu haukuniambia kitu. Nilikula aiskrimu.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, simu iliposhika, ujumbe ulimiminika. Wa kwanza ulikuwa wa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu: "Shemeji, mwenzako hajarudi kutoka msituni tangu jana." Uliofuata ulikuwa wa mwenyekiti: "Katibu, pole sana. Tumeshamzika. Hali ya mwili haikuruhusu kukungoja."

Nilishuka Goweko siku ya kuondoa matanga. Mwenyekiti alinieleza tukiwa bado stesheni, mkoba wangu ukiwa mkononi mwake. Moto ulikuwa umesogea. Kijana wa jirani alijitolea kushika kamba, mdogo wangu akakataa, akasema mshika kamba yupo, amesafiri tu. Akaenda peke yake. Kati ya ile mitatu, wa kwanza na wa pili alimaliza. Kwenye wa tatu aliteleza, akaanguka. Walimkuta kesho yake mchana, mbali na mti. Mguu ulikuwa umevunjika, na nyasi zilikuwa zimelala kwenye mstari kuonyesha alikotambaa kuelekea njiani. Kama hatua mia mbili.

"Angekuwepo mtu wa kuja kuita watu," mwenyekiti alianza, halafu akaacha.

Pale msibani watani walikuwa kazini, kama kawaida yetu. Mama mmoja wa Kizaramo, aliyeolewa kijijini, alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta bega, na waombolezaji wanacheka huku wanalia. Aliponiona akapiga vigelegele.

"Jamani, Mzungu wetu kafika! Umetuletea nini, mtani? Umetuletea Ulaya nzima au umeila peke yako?"

Akachukua kamba iliyokuwa imening'inizwa ukutani, akajifunga kiunoni, akanitupia ncha yake miguuni. Akapanda kwenye kiti, akainua mguu mmoja hewani, na kwa sauti ya mdogo wangu hasa akaita:

"Upo?"

Watu wakacheka. Utani una haki yake, na mimi nilipaswa kujibu, kisha angenidai kitu kidogo, kisha tungeendelea. Sikuweza. Alingoja mguu ukiwa juu. Akaita tena. Kicheko kikapungua, kikaisha, na yule mama akashuka taratibu, akaivua kamba na kuikunja bila kunitazama.

Shemeji yangu hakunilaumu. Siku ile alinipa tu bahasha ndogo aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu. Ndani mlikuwa na picha nne za pasipoti. Shati amelifunga vifungo hadi shingoni, nywele zimechanwa kwa maji. Alikuwa amesikia habari ya barua kabla sijamwambia, akaenda mjini Tabora kupiga picha.

Kile kibao cha mwindaji kipo uvunguni mwa kitanda changu hapa mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, ninakoishi siku hizi. Sikuwahi kumwonyesha mtu. Wala sikuwahi kumwambia mtu nilichomjibu yule mzee wa nyuki.

Nilichukua safari ya mdogo wangu, nikamwachia miti yangu. Alikufa peke yake, ana miaka hamsini na mitatu, akitambaa kutafuta mtu, na mtu huyo alipaswa kuwa mimi.