Gunia la Kupigia Magoti

Harufu ya maji ya mkonge haina mfano. Ni uvundo mchungu unaotoka kwenye mfereji wa korona, kile kinu cha kukwangua majani, unaingia kwenye nguo, kwenye uji, hata kwenye kitambaa cha altare. Mpaka leo nikiusikia hapa Korogwe, magoti yangu yanakumbuka. Kambini kwetu, enzi zile askari wakirudi kutoka vita vya Bama, siku ilianza kwa magoti. Kipande cha reli kiligongwa alfajiri, tukaingia kanisa la udongo kwa sala ya asubuhi. Kikagongwa jioni, tukarudi. Mama yangu, Mshambaa wa Dindira, hakukosa hata siku moja, na ombi lake lilikuwa lile lile: "Bwana, nipe hekima." Nilikuwa na miaka tisa na nilijua anaitakia nini. Baba alikuwa manamba, kibarua aliyeletwa kwa lori kutoka Ufipa. Mkataba wake ulikuwa unakwisha na alitaka turudi kwao sote. Mama hajui aende, asiende. Huko hana ndugu wala lugha. Hapa, akibaki, hana mume.

Wiki zikapita, mama hajibiwi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo alivyozoea kuniambia, basi nikaanza kuhesabu tunavyoinama. Sisi mara mbili kwa siku. Jirani yetu Bibi Mwanahawa, Mzigua wa Mazingara aliyeuza vitumbua kambini, aliinama mara tano, na sikuwahi kumwona hata siku moja hajui la kufanya. Watu walimfuata kwa ugomvi wa ndoa, kwa mtoto mwenye homa, kwa kuku aliyepotea. Jawabu nikaliona wazi: sisi tunaomba kidogo mno! Tangu siku hiyo, adhana ya adhuhuri ikilia natandika gunia nyuma ya nyumba, napiga magoti, nasema Baba Yetu, halafu namwombea mama hekima. Alasiri tena, na isha kabla ya kulala. Mbili na tatu, tano.

Bibi Mwanahawa ndiye aliyeniona kwanza, juani, jasho linanitiririka.

"Makubwa! Mjukuu wangu umesilimu, hata pilau hatujala?"

"Shikamoo bibi. Hapana. Namwombea mama hekima."

Alicheka mpaka kanga ikamteleza. Kisha akalishika gunia kwa pembe, mimi nikiwa juu yake, akalivuta hadi chini ya upenu. "Omba kivulini. Jua halijui dini ya mtu."

Mwalimu wa kanisa hakucheka. Ndiye aliyetufundisha kipaimara, na askofu alitarajiwa mwezi uliofuata. Aliponifumania aliliinua lile gunia kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika nyoka mfu, kisha darasani, mbele ya wenzangu, akalikata jina langu kwa penseli kwenye karatasi ya kipaimara. Mama akamwendea, mimi nyuma yake.

"Mwalimu, mtoto alisema Baba Yetu."

"Kwa saa za wengine, Mama Elena."

"Kwani saa ni za nani?"

Akaichomeka penseli sikioni, akaingia darasani. Mtu mzima, amesoma, akatuacha uani.

Lori la kuwarudisha manamba, lile lililopitia Handeni, lilikuwa la Jumamosi. Baba alifunga sanduku lake akauliza mara moja tu: "Mama Elena, unakuja, huji?" Mama akasema hatoki kambini mpaka jina la mwanawe lirudi kwenye karatasi. "Nitangulie?" "Tangulia." Baba akaniwekea mkono kichwani, mkono uliojaa makovu ya miiba, unakwaruza. Jina lilirudi baada ya wiki mbili, padre alipopata habari. Askofu naye akaniwekea mkono palepale alipouweka baba. Ulikuwa laini kama mkate. Nililia, watu wakasema Roho amenishukia. Nani aliwaambia? Nilikuwa nautafuta ule mwingine. Kutoka Ufipa ilikuja barua moja, kisha kimya.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nilikula: nilibaki, nikasoma hadi sekondari ya wasichana, na pengine kule nisingesoma. Lakini mbivu hizo zina ladha ya baba yangu, na sijui nimeze au niteme. Mwaka huu nilimuuliza mama, akichagua mchele, kama alijibiwa.

"Nilijibiwa. Siku ile kwa Mwalimu. Ndiyo mara ya kwanza nilijua la kufanya."

"Hekima gani hiyo, mama, inayokupotezea mume?"

"Mimi sijui," akasema, akipuliza makapi. "Si wewe uliyeiomba?"

Sasa kanisa letu ni la matofali, na kengele ni kengele kweli, si kipande cha reli. Mimi nami ni mama. Naingia asubuhi na jioni, naomba kile kile, natoka nikiwa sijui zaidi ya nilivyoingia, nikifika nyumbani nafoka. Juzi adhuhuri nilimkuta binti yangu wa miaka minne nyuma ya nyumba, juani, magoti juu ya gunia, mikono imefumbwa.

"Wewe! Unaomba nini hapo?"

"Mama aache kufoka."

Nilifungua kinywa nimfokee. Kisha nikalishika gunia kwa pembe, naye juu yake, nikalivuta hadi chini ya upenu.